Makala Iliyogeuzwa Barua

Pale idarani walimwita Mama Nukta, naye hakuchukia. Jina alilipata kwa sababu hakuweza kupitisha karatasi yoyote bila kuiwekea nukta pale ilipokosekana, hata kama ni tangazo la paka aliyepotea. Lakini kwa taaluma hakuwa mtu wa nukta. Alisomea upimaji wa masikio. Kabla ya yote haya alikuwa hospitalini, kwenye kliniki ya watoto, akiwavisha vipokea sauti vikubwa kuliko vichwa vyao na kuwaambia, "Ukisikia ndege analia, tia kibao ndani ya kopo." Mtoto akisikia, anatia kibao. Asiposikia, anamtazama mpimaji usoni kutafuta jibu, na Mama Nukta alikuwa amejifunza kutokuonyesha chochote. Alirudi nyumbani miguu inawaka moto, lakini moyo mweupe.

Kazi ile aliiacha kwa neno moja la mkuu wa idara ya chuo, ambaye watu walimwita Profesa tu, kana kwamba dunia nzima ilikuwa na mmoja. Ndiye aliyemfundisha. Alikuwa ameanzisha jarida la sayansi ya usikivu, na aliyekuwa akiliendesha aliolewa akahama.

"Nishikie kwa muda tu, mwanangu," Profesa alimwambia. "Mpaka nipate mtu."

Mtu hakupatikana. Wala hakutafutwa.

Chuo hakikuwa na vyumba vya kutosha, hivyo ofisi ya jarida ikawekwa ndani ya chumba cha zamani cha kupimia usikivu. Kilikuwa kisanduku cha chuma kilichosimamishwa ndani ya chumba kingine. Kuta zilivishwa sponji, mlango ulikuwa mnene kama wa jokofu la bucha, na badala ya dirisha palikuwa na kioo kidogo cha kumtazamia anayepimwa, ambacho kwa nje kilizibwa na kabati la majarida ya zamani. Ukifunga mlango unasikia mate yako yakishuka kooni. Mtu akibisha humsikii, kwa hiyo waliomhitaji walizima na kuwasha taa kwa swichi ya nje. Wageni wasiojua walipiga mlango mpaka wakachoka, wakaenda kusema mhariri wa jarida ana maringo.

Humo ndani alipokea makala, akazituma kwa wahakiki, akawabembeleza wahakiki wasiojibu, akanyoosha lugha, akatia nukta. Mwanzoni haikuwa mbaya. Jarida lilikuwa changa na lilipokea kazi za kila namna: kelele za viwanda vya mbao, walimu wa watoto viziwi, wazee wanaoficha kwamba hawasikii. Watu waliozifanya kazi hizo walimpigia simu wenyewe, na wengine walilia kwa furaha makala yao ilipotoka.

Kisha ikaja habari ya alama.

Uongozi wa chuo ulitangaza kwamba kila jarida litapimwa kwa uzito wake kwa watafiti wa dunia, na litakaloshindwa kufikia kiwango litafungwa. Jioni hiyo Mama Nukta alimweleza mumewe, ambaye alikuwa mwalimu wa hisabati wa sekondari na hakuwahi kuacha kufundisha hata akiwa mezani.

"Nieleze kama unavyomweleza mwanafunzi wa viti vya nyuma," mume alisema huku akimenya chungwa.

"Juu unaweka mara ambazo watafiti wengine wametunukuu. Chini unaweka idadi ya makala tulizochapisha. Unagawanya."

"Basi mkitaka jibu likue, ama mnaongeza cha juu, ama mnapunguza cha chini. Cha juu kiko mikononi mwa watu. Cha chini kiko mikononi mwenu."

"Ndivyo."

"Kwa hiyo mtakataa makala za watu."

"Tumeshaanza," alisema Mama Nukta, na chungwa hakulitaka tena.

Profesa alibadilika. Si kwamba alikuwa mtu mbaya. Jarida lilikuwa kama mtoto wake wa uzeeni, na aliogopa kumzika. Alianza kusoma kila kichwa cha makala kwa swali moja: hii itanukuliwa na nani? Kazi za mabingwa wa ng'ambo, zinazokusanya yote yaliyowahi kuandikwa kuhusu jambo fulani, zilibembelezwa zije, kwa sababu hizo hunukuliwa sana. Kazi za wauguzi na walimu zilirudishwa. Aliyezirudisha alikuwa Mama Nukta, na sahihi iliyokuwa chini ya kila jibu ilikuwa yake. "Tunasikitika kwamba makala yako, ingawa ina manufaa, haiendani na mwelekeo wa sasa wa jarida." Sentensi hiyo aliiandika yeye mwenyewe, na ilikuwa na nukta mahali pake.

Mara mbili alijaribu kutoka. Mara ya kwanza alikwenda hospitalini kwa mpimaji mwenzake wa zamani, akaambiwa leseni yake ilishapitwa na muda, itabidi arudi chini ya usimamizi kama mwanafunzi. Akakubali hilo. Mara ya pili alimpelekea Profesa barua ya kuomba aachiwe.

"Utaniachaje katikati ya mto?" Profesa alisema. "Acha alama itoke kwanza. Ikitoka nzuri, nenda kwa baraka zangu."

Alama ikatoka mbaya, na jarida likapewa nafasi moja ya mwisho. Nani angemruhusu kuondoka wakati huo? Akarudi ndani ya kisanduku chake, akafunga mlango.

Ndipo ikaja makala ya muuguzi mmoja wa kituo cha afya cha mbali. Ilihusu watoto wenye masikio yanayotoa usaha. Muuguzi huyo aliwafundisha akina mama kukausha sikio la mtoto nyumbani kwa kipande cha pamba kilichosokotwa, wakirudia kila siku mpaka kitoke kikavu, kisha akawafuatilia kwa muda mrefu kuona nani aliendelea na nani aliacha, na usikivu wa watoto ukawaje. Mama Nukta alisoma kichwa na muhtasari, akajua Profesa atasema nini. Akaanza kuandika, "Tunasikitika."

Siku hiyo kitasa cha mlango kikamkatikia mkononi. Alikuwa anatoka kwenda kuchota maji ya chai. Akavuta, chuma kikabaki kiganjani na mlango umekaza. Alicheka kwanza. Kisha akapiga mlango, akapiga kwa kiatu, akapaza sauti, na sponji ikameza vyote. Simu yake haikushika mtandao mle ndani, haikuwahi kushika. Kompyuta haikuwa na mtandao tangu asubuhi. Alikaa chini. Alijua vizuri zaidi kuliko mtu yeyote kwamba hakuna atakayemsikia, maana hicho ndicho chumba kilichojengwa kwa ajili hiyo. Jasho likaanza kumtoka mgongoni. Akajikuta anapumua kwa kinywa. Ili asiendelee kuutazama mlango, akachukua kilichokuwa mezani, na kilichokuwa mezani ni makala ya muuguzi.

Aliisoma yote, neno kwa neno, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa makala yoyote kwa muda mrefu. Kwamba sikio linafaa kukaushwa lilijulikana siku nyingi. Lakini muuguzi alikuwa ameuliza jambo ambalo wengine hawakuuliza: kwa nini akina mama huacha? Si uvivu. Wengi waliacha vipande vya pamba safi vilipowaishia, wakaona aibu kuja kuomba vingine. Wengine waliacha kwa sababu mtoto alilia na mama mkwe akasema unamtesa mjukuu wangu. Kwa hiyo muuguzi akaenda kwa mafundi cherehani kuomba mabaki ya kitambaa cha pamba, akayachemsha, akayagawa bila mtu kuomba. Na akawaita akina mama wakwe, akawafundisha wao kwanza. Baada ya hapo walioacha wakawa wachache, na watoto walioanza kusikia darasani wakawa wengi. Mwishoni muuguzi aliandika, kwa Kiswahili kisicho na madaha, kwamba anaomba ushauri wa waliosoma zaidi.

Mhudumu wa usafi ndiye aliyemfungua, alipokuja kufagia na kuona swichi ya nje haijazimwa.

"Heh! Mama Nukta! Mimi nilidhani mmesahau taa, kumbe mmesahau mtu!"

Mama Nukta alitoka amekamata makala kifuani. Hakwenda kunywa maji. Alikwenda moja kwa moja kwa Profesa, akamkuta anafunga mkoba.

"Hii lazima tuitoe," alisema.

Profesa alisoma muhtasari akiwa amesimama. "Hili linajulikana."

"Kukausha kunajulikana. Alichogundua ni kwa nini watu wanaacha."

"Na ni nani atakayeinukuu? Niambie mtu mmoja." Alikaa tena, akavua miwani. "Mwanangu, unadhani sipendi? Nikiichapisha hii na nyingine kumi za namna hii, tunafungwa. Likifungwa jarida, huyo muuguzi atapeleka wapi kazi yake? Na wewe utakwenda wapi? Na hawa wahadhiri vijana wanaosubiri kupanda cheo?"

Yote aliyosema Profesa yalikuwa kweli. Mama Nukta alisimama pale na kitasa kilichovunjika kikiwa bado mkononi mwake. Na hapo, kwa sauti ndogo, akasema jambo ambalo baadaye alitamani angelimeza.

"Barua kwa mhariri hazihesabiwi chini."

Profesa alimtazama.

"Wanaopima wanahesabu makala tu," aliendelea. "Barua si makala. Tukiitoa kama barua, haiingii kwenye idadi. Na mtu akiinukuu, nukuu inahesabiwa juu."

Profesa akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Wewe! Umekaa kwenye kile kisanduku mpaka umekuwa hatari. Mwambie aipunguze. Iwe kurasa mbili."

Muuguzi alipopigiwa simu alishangilia. Nyuma yake watoto walikuwa wakilia na mtu alikuwa akiita namba za foleni. "Hata ukurasa mmoja, dada! Mradi itoke!" Mama Nukta alitaka kumwambia kwamba kamati zinazopandisha watu vyeo pia hazihesabu barua. Neno lilifika kwenye ulimi. Lakini mwenzake alikuwa anacheka kwa furaha, na yeye aliogopa kwamba akisita kidogo tu Profesa angebadilisha mawazo. Akasema, "Hongera sana, mdogo wangu," akakata simu.

Barua ikatoka. Mambo yakaenda kwa namna ambayo hakuna aliyeitarajia. Wauguzi waliitoa nakala, wakaibandika kwenye kuta za kliniki. Bingwa mmoja wa ng'ambo aliyekuwa akiandika kuhusu magonjwa ya masikio ya watoto akainukuu, na waliomsoma yeye wakainukuu pia. Alama ya jarida ilipotoka tena, ilikuwa imepanda. Haikupanda kwa barua ile peke yake, lakini barua ile ilinukuliwa kuliko makala yoyote ya mwaka ule. Chuo kikamwita Profesa mbele ya watu, wakampigia makofi.

Mama Nukta akaona wakati wake umefika. Aliingia kwa Profesa na barua yake ile ile ya kuomba kuondoka, kaisafisha na kuiandika upya.

"Sasa?" Profesa alisema, kwa mshangao wa kweli. "Sasa ndiyo wanataka kukupa uhariri mtendaji wa kudumu! Nimewaambia bila wewe hakuna jarida. Wamekubali mara moja."

Alipofika nyumbani na habari hiyo, mumewe aliinuka kumkumbatia, kisha akauona uso wake akaketi tena. "Nani kafa?" aliuliza.

"Hakuna. Nimepandishwa cheo."

Haukupita muda mrefu taa ya kisandukuni ikazimwa na kuwashwa, ikazimwa na kuwashwa. Alipofungua aliona mwanamke mfupi, mwenye vumbi la safari kwenye viatu na mkoba wa kitambaa begani. Hawakuwahi kuonana, lakini sauti aliijua.

"Shikamoo, dada. Mimi ndiye wa pamba."

Alimkaribisha kwenye kiti pekee. Muuguzi alitazama kuta za sponji, akatazama mlango, akaomba uachwe wazi. Kisha akasema alichojia. Aliomba kupanda daraja ili awe mkuu wa kituo. Kamati iliuliza utafiti aliouchapisha. Akawaonyesha. Wakamwambia hii ni barua, na barua ni maoni tu, haina pointi.

"Niliwaambia kuna makosa. Niliwaambia nitakwenda kwa dada yangu mhariri, anipe karatasi ya kueleza." Aliuweka mkoba magotini. "Ulijua?"

Mama Nukta angeweza kusema mengi. "Nilijua," alisema.

"Tangu ile siku ya simu?"

"Tangu siku ile."

Muuguzi alitikisa kichwa polepole. "Mimi nilikuwa nashangilia, wewe unanisikiliza."

"Ningeipeleka kama makala, isingetoka kabisa."

"Sawa. Lakini hilo ulitakiwa uniambie mimi, nichague mwenyewe."

Hakufoka. Alikunywa maji aliyopewa, akashukuru, akaanza kuufunga mkoba wake. Mama Nukta akamshika mkono. Alimwambia waandike upya, kirefu, wote wawili, wapeleke kwenye jarida jingine, na jina la muuguzi litangulie.

"Njoo kwanza uone," muuguzi alisema. "Usiandike vitu kutoka humu."

Alikwenda. Alichukua likizo yake yote, mume akabaki anapika mayai na kuyaunguza. Kwenye kituo cha afya alivaa koti la kuazima, akakaa kwenye benchi na akina mama na akina mama wakwe, akashika masikio ya watoto. Mwanzoni vidole vilikuwa vizito. Kisha vikakumbuka. Mtoto mmoja wa kike alicheka kila alipoguswa, akasema, "Unanitekenya!", na foleni nzima ikacheka naye. Jioni wawili hao walikaa kwenye meza ya dawa, wakaandika. Muuguzi alisema, yeye akapanga. Yeye akipamba, muuguzi alifuta. Aliyaona yale majuma kama maisha ya mtu mwingine aliyoazimwa, na kila siku ilipoisha alijua ni lini atatakiwa kuyarudisha.

Makala waliyoituma ilikuwa nzuri. Jibu la jarida lile jingine lilikuwa fupi na la adabu. Takwimu hizi, walisema, zimeshachapishwa mahali pengine kama barua, na sisi hatuchapishi jambo lililokwisha kutoka. Mama Nukta alilisoma jibu hilo akitafuta kosa, na hakuliona. Yeye mwenyewe angejibu vivyo hivyo. Alikuwa ameshawahi kujibu vivyo hivyo.

Alimpigia muuguzi simu kutoka uani, chini ya ngazi, mahali ambapo mtandao ulishika.

"Kwa hiyo barua haitoshi kunipandisha," muuguzi alisema, "lakini inatosha kunizuia."

"Ndiyo, mdogo wangu."

Muuguzi akacheka, kicheko kikavu cha mtu aliyechoka. "Haya. Ngoja nirudi kwenye foleni. Watoto hawajui habari za barua." Waliendelea kuwasiliana, ingawa si mara nyingi. Daraja alikuja kulipata baadaye sana, kwa kupita miaka tu, kama wengine wote.

Profesa, kwa upande wake, alikuwa ameipenda ile mbinu. Aliiita "njia ya Mama Nukta", akaieleza kwenye vikao, na sasa kila kazi ya muuguzi, mwalimu au mpimaji wa kituo kidogo iliyoonekana na maana iligeuzwa barua ya kurasa mbili. Zilitoka nyingi. Zilisomwa na kubandikwa kutani, na alama iliendelea kupanda. Aliyekuwa akizipunguza ni Mama Nukta, na hakuna aliyeweza kuifanya kazi hiyo kwa ustadi kama yeye.

Jambo moja alilibadilisha bila kumwuliza mtu. Kabla ya kumgusia mwandishi habari ya kupunguza, alimwambia kwanza, wazi, kwamba barua haitamsaidia kupanda cheo na huenda ikamfungia mlango kwingine. Wengine walikubali hivyo hivyo. Wengine waliondoka na kazi zao.

Siku moja alikuwa anaongea kwenye simu ya mezani, ambayo hatimaye chuo kilimwekea, na mwalimu wa shule ya watoto viziwi. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Na wewe, mama, ungekuwa mimi ungefanyaje?"

Profesa alikuwa amesimama mlangoni, anasubiri.

"Ningejaribu kwingine kwanza," Mama Nukta alisema. Akamtajia majina ya majarida mengine, moja baada ya jingine, taratibu, akimwambia yaandikwe vipi, na mwalimu akirudia kila herufi.

Profesa alisubiri amalize. Kisha akauliza kama barua za toleo lijalo zimeshapangwa.

"Zimepangwa," alisema.